Sauti Iliyotoka Kwenye Kilio

Masika,

Salamu tumeshapeana mezani, na umeshanicheka kwamba nimekula kidogo kama mgonjwa, kwa hiyo sehemu hiyo nairuka. Naruka pia habari ya sweta, ya dawa za malaria, na ya kutomkabidhi mtu begi lako pale bariere ya mpakani. Hayo umeyasikia wiki nzima, na najua utakapofika Kampala utakuwa umeyasahau yote. Ninachoandika hapa ni kitu nilichojaribu kukuambia kwa mdomo, na kila nikijaribu hasira inanipanda kabla sijafika katikati, naishia kukugombeza kwa sababu ya vyombo.

Kuanzia kesho, kati yangu na wewe itabaki simu tu. Na mimi siku hizi naiogopa simu. Ikilia nikaona jina la mtu ninayempenda, moyo unaruka, na siyo kwa furaha. Najiuliza ni nani hasa nitakayemsikia. Sasa fikiria siku umepata shida huko, shida ya kweli, ukaniita. Je, nitakuamini? Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kampuni iliyokupa kazi huko siiogopi, na mji wa watu siuogopi, kwa sababu wewe una mdomo na una akili. Naogopa sauti yako mwenyewe ikitoka kwenye simu. Nataka tulimalize jambo hili kabla hujaondoka, hata kama ni kwa karatasi.

Wewe umezaliwa Goma na depo yangu ya maharage pale Murara umeikuta imesimama, kwa hiyo huenda hujui vizuri jinsi sisi watu wa Butembo tulivyofundishwa biashara. Babu yako hakuwa na karatasi. Alikuwa akipakia maharage kwenye lori, anamwambia dereva maneno ya kumfikishia mwenzake wa huku, dereva anayabeba kichwani barabara yote ile hadi Rutshuru, hadi Goma, na mzigo unapokelewa. Ukimwomba mwenzako atie sahihi, umemtukana. Simu zilipokuja hatukubadilisha chochote. Mjomba wako Kasereka alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti kwa Kinande, lugha yetu, mfupi tu, nami nafungua depo au natuma pesa. Miaka yote hiyo hakuna kilichopotea, na nilijivuna nacho. Wenzangu walipohangaika na mikataba na mihuri, niliwacheka mbele yao.

Kisha wenye bunduki wakauchukua mji, benki zikafunga milango, na kila kitu kikaingia kwenye simu: mishahara, karo, kodi ya nyumba, maharage. Zamani mtu aliyetaka kuniibia alilazimika kuja mwenyewe, usiku, na panga, na mimi ningepiga kelele mtaa mzima ukaamka. Sasa anaweza kukaa popote duniani akiwa amevaa ndala, anakunywa chai yake. Hili nililijua. Nilikuwa nawaonya wateja wangu kuhusu ujumbe wa kitapeli, ule unaosema umeshinda zawadi. Nilidhani mjinga ni mtu anayesoma maandishi vibaya.

Bibi yako alipofariki kule Butembo, mapigano yalikuwa yamekata njia. Unakumbuka nilivyofunga mzigo, nikaufungua, nikaufunga tena. Sikwenda. Nilimzika mama yangu nikiwa nimekaa juu ya gunia la chumvi, simu mkononi. Ukoo ulikuwa umetawanyika, nusu huku, nusu kule, wengine Kampala na Bunia, kwa hiyo tukafungua kundi la kilio kwenye simu na watu wakaanza kuingizana. Wakwe waliingia, wanakwaya, wafanyabiashara, marafiki wa marafiki. Kasereka ndiye aliyebaki nyumbani kwa marehemu, na ndiye aliyesema kwa niaba yetu. Kila asubuhi alituma sauti. Alitaja mababu na vilima walivyotoka, nani alimuoa nani, nani anauza nini wapi. Alinitaja mimi, yaya wake wa Goma, yaani dada yake mkubwa, na akasema wazi kwamba mzigo wa maharage ndio unaotulisha wote. Alikuwa anakohoa kwa sababu ya kulala nje na waombolezaji. Nilizisikiliza sauti zile wiki na wiki, hata wakati napanga magunia. Nilikuwa sina kaburi la kwenda, nikaenda kwenye simu.

Wewe uliniambia, Mama, lile kundi lina watu ambao hakuna anayewajua, tulifunge. Nikakujibu kwa ukali, umeona wapi kilio kinafungiwa mlango? Na kweli, kwetu mtu akija msibani humuulizi ametoka wapi. Unampa kiti. Nilidhani kiti cha kwenye simu ni sawa na kiti cha uani, kwamba mtu akikikalia atalia na wenzake, atakula, ataondoka. Sikufikiria kwamba anaweza kukaa pale kimya, asilie, akakusanya sauti za watu wanaolia.

Basi njia ilipofunguka tena kwa malori, ukaja ule ujumbe. Namba ngeni, sauti ya Kasereka, Kinande safi. Akanisalimia, akaniita yaya. Akasema wamemnyang'anya simu kwenye barabara, lori limezuiliwa, nimtumie pesa ya mzigo kwenye namba hii ya rafiki kabla giza halijaingia, la sivyo maharage yanakwenda na gari. Akakohoa. Mwishoni akasema, kwa ajili ya mama yetu usichelewe. Masika, machozi yalinitoka palepale. Nilikuwa nimekaa muda mrefu nikitamani mtu anitume kitu kwa ajili ya mama.

Bahati alikuwepo, anapanga magunia. Nakuandikia kuhusu Bahati kama vile humjui, ingawa alikuwa akikubeba begani kwenye maji ya mvua ulipokuwa shule ya msingi. Nafanya hivyo kwa sababu nataka nimuone vizuri mimi mwenyewe. Ni baba aliyetoka Masisi, aliyekuwa na ng'ombe wake, vita vikamtoa huko na kumtupa Mugunga kwenye kambi ya wakimbizi, akaja kuniomba kazi ya kubeba na nikaishia kumpa funguo. Aliusikia ule ujumbe kwa sababu niliucheza kwa sauti kubwa. Hajui Kinande, lakini aliniona nalia, akauliza, nikamwambia. Akaweka gunia chini.

"Mama Masika, pigia kwanza muzee Kasereka ku namba yake ya siku zote."

"Wewe mutu wa Masisi," nikamwambia, "utanifundisha sauti ya mutoto wa mama yangu?"

Akachukua gunia lake. Mimi nikatuma. Ile namba ya siku zote sikuipiga. Nilijiambia kwamba simu imeshachukuliwa, lakini ukweli ni kwamba nilisikia aibu. Kumpigia ndugu yako kuhakikisha ni yeye, kwetu, ni kumwambia kwamba humuamini. Nilichagua kupoteza pesa kuliko kuona haya, na wala sikujua kwamba nachagua.

Jioni Kasereka akapiga kwa namba yake ileile, anacheka, anauliza kama mafuta ya mawese yamefika. Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka nilikaa chini kwenye sementi, na wewe ukaniletea maji nikakataa kunywa.

Unanijua nikikasirika. Hasira yangu haiwezi kusafiri mbali, inatafuta mtu wa karibu. Mwizi sikumjua, hakuwa na uso. Lakini juu ya mlango wa depo nilikuwa nimefungiwa ile kamera, ile inayotuma picha kwenye simu na kuniambia nani ameingia na nani ametoka. Niliinunua kwa kujidai, nikawaonyesha hadi majirani. Nikairudisha nyuma, na saa za mchana nikamwona Bahati. Mimi nilikuwa nimetoka kwenda kula, simu nimeisahau mezani. Yeye ameishika. Anaangalia mlangoni. Anaiweka sikioni, anasema kitu, anairudisha mezani, anaangalia mlangoni tena.

Kamera haikudanganya. Mimi niliiuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo tayari. Sikumuuliza Bahati, ulikuwa unafanya nini na simu yangu. Sikukuuliza wewe. Nilituma ile picha kwa mkubwa wa usalama wa avenyu yetu, hapa mtaani, na maneno machache, na unajua hali ya mji wetu sasa, ukimtaja mtu hakuna anayekuuliza mara mbili. Kabla hatujala, walikuwa wameshamchukua.

Mke wake, Mama Furaha, alikuja kwenye lango letu na mtoto mgongoni. Niliisikia sauti yake. Nilimsikia anasema jina langu kwa heshima, mara nyingi, bila kupandisha sauti, na sikufungua. Wewe ulifungua. Mlikaa nje mkiongea, na uliporudi ndani hukunigombeza. Uliniomba simu tu. Ulitazama simu zilizoingia mchana ule, ukanigeuzia kioo nione jina lako.

"Mama, ile saa mimi njo nilikuwa napiga," ukasema. "Bahati akapokea, akaniambia umeenda kula. Alikuwa anaangalia mulango kama unarudi."

Nikakataa. Nikasema ameongea na wewe kisha akaongea na wezi, kwamba wamempa pesa awape siri zetu, maana sauti ile ni ya Kasereka na Kasereka hajaitoa, basi imetokaje? Nilikuwa nang'ang'ania. Kama Bahati hana kosa, basi nimefanya nini? Nadhani uliona kwamba maneno hayatanifikia. Ulichukua simu yako, ukatafuta sauti nilizokuwa nimekutumia mimi, za kukuagiza nyanya na kukugombeza kwa kuchelewa, ukazipa mashine ya kuiga sauti iliyomo kwenye simu. Maji ya chai yalikuwa bado hayajachemka. Kisha ukaniwekea simu sikioni.

Ilikuwa mimi. Ukali wangu, hata ile namna yangu ya kumeza mate kabla ya kusema jambo zito. Ikasema, Bahati hana kosa.

Nilitaka kukupiga, mwanangu. Mkono uliinuka, uliuona. Maneno hayo kinywa changu kilikuwa bado hakijaweza kuyasema, na mashine iliyasema kwa urahisi, kwa sauti yangu, jikoni kwangu. Ndipo nilipoelewa kundi la kilio lilikuwa limefanya nini. Tulimlilia mama mbele ya mtu asiyejulikana, tukampa sauti, ukoo, kikohozi, na jina la kuniitia. Hakuna aliyetusaliti. Tuliyatoa wenyewe tukidhani tunaomboleza.

Asubuhi tukaenda mimi na wewe kule walikomfungia. Hofu yangu nitaitaja wazi, kwa sababu wewe ulidhani ninamwogopea Bahati peke yake. Nilijiogopea mimi pia. Kumpeleka mtu pale ni rahisi, kwenda kusema nilikosea ni kuwaambia wenye bunduki kwamba wamefanya kazi ya bure, na mtu wa namna hiyo anaweza kufungwa yeye mwenyewe. Mkubwa wao alinisikiliza akiwa anachokonoa meno.

"Mama, jana ulileta picha. Leo unaleta maneno. Tuamini gani?"

"Picha ni ya kweli," nikasema. "Muongo njo mimi."

Wewe ulinishika kiwiko, na nilisikia kucha zako. Mkubwa akasema tungoje nje, tukangoja juani na Mama Furaha, ambaye alikuwa ameleta chakula kwenye kibakuli chenye mfuniko na wakakataa kukipokea. Bahati alipotoka alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayebeba kitu cha mwingine. Alitupita, akaenda kwa mkewe, wakaondoka kwa miguu. Sikuwa na ujasiri wa kuwaambia wapande pikipiki nilipe mimi.

Hapa ndipo wewe ulipoishia, kwa sababu ulirudi kwenye masomo yako. Kilichofuata sikukuambia. Nilikwenda Mugunga peke yangu. Mama Furaha alinipa kiti na chai isiyo na sukari, nikainywa yote. Nikaomba msamaha, nikasema arudi kazini, mshahara nitauongeza, funguo ni zake. Bahati alikuwa bado hawezi kufunga vidole vya mkono ule. Alinijibu bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Kazi niko naipenda, Mama Masika. Ila ile macho iko kule juu, siwezi tena kutumika chini yake. Siku zote nitajua unaniangalia na hauniulizi."

Nikamwambia nitaiondoa kamera. Akatikisa kichwa. Akasema depo bila kamera watu wa siku hizi wataimaliza, niiache, nitafute mtu ambaye hajawahi kuonekana nayo. Alikuwa ananipa ushauri wa biashara, Masika, na mkono wake uko vile. Siku hizi anakaa nyumbani, mkewe ndiye anayeuza makaa. Kila mwisho wa mwezi natuma kitu kidogo kwao, na kila mara nampigia Mama Furaha kwanza nisikie ni yeye anayepokea simu. Hajawahi kukataa na hajawahi kunishukuru.

Na mjomba wako, unadhani aligombana nami? Hata. Alisema pole yaya, mali inatafutwa. Lakini tangu siku hiyo hanitumii sauti tena. Ananiandikia maandishi, mafupi, kama mtu wa ofisi: mzigo umetoka, mzigo umefika. Mimi pia namwandikia hivyohivyo. Ndugu yangu yu hai, na sauti yake nimeizika pamoja na mama.

Sasa wewe unakwenda kufanya kazi na mashine hizo. Umenieleza, na nimeelewa kuliko ulivyodhani: mwenye duka au mwenye kabini ya kutuma na kutoa pesa ananunua, mashine inaujua uso wa mteja, inajua sauti, inasema huyu ndiye, huyu siye. Nilikuuliza kwa dhihaka kama mnauza ugonjwa na dawa pamoja, ukanuna, na nakuomba radhi. Pengine mnauza dawa. Sibishani na wewe kuhusu mashine, utanishinda. Ila kesho kutwa utakaa upande wa pili wa kamera, mahali nilipokaa mimi. Siku moja itakuletea picha ya mtu ameshika kitu ambacho si chake, na watu wataingoja picha hiyo kwa kiu. Kabla hujaituma popote, mpigie yule mtu. Mwulize alikuwa anafanya nini. Mimi swali hilo lilikuwa halinigharimu hata vocha ya simu.

Sasa limebaki jambo letu, mimi na wewe. Ulipendekeza tuwe na neno la siri, ukinipigia nikuulize neno hilo. Nimelifikiria sana. Unanijua, nitalisahau, au nitamwambia shangazi yako siku moja nikiwa na furaha, na yeye atalipeleka sokoni. Tukisema tuulizane mambo ya nyumbani, ni jambo gani la nyumba hii ambalo Kasereka hakulisema kwenye kilio? Kwa hiyo nimeamua kivyangu, na nakuandikia uwe umelijua.

Siku simu itakapolia, nikasikia sauti yako inalia, inasema uko polisi, uko hospitali, umeshikwa na watu, Mama tuma sasa hivi, mimi nitakata simu. Sitasema pole. Sitauliza uko wapi. Nitakata, kisha nitapiga namba yako mimi mwenyewe. Usipopokea nitampigia mwenye nyumba wako, na yeye asipopokea nitatafuta mtu Kampala aje kugonga mlango wako. Mpaka hapo sitatuma kitu wala sitaamini kitu.

Najua kwamba siku moja inaweza kuwa wewe kweli. Utakuwa umetumia nguvu zako za mwisho kuniita, na mama yako atakukatia. Nimelifikiria hilo, na sikuona njia nyingine. Ile dakika utakayobaki na simu kimya sikioni, usiseme Mama ameniacha. Usipige kwa mtu mwingine. Nitakuwa hapa, nakosea tarakimu zako kwa kutetemeka, nafuta, naanza upya.

Ikilia, pokea.

Mama yako